Laini ya Simu Isiyo na Nyumba

Sisi tuliokulia katika nchi ya masanduku ya posta hatuoni ajabu mtu kuwa na anwani isiyo yake. Barua ya kwanza niliyopata maishani ilikuja kwa sanduku la shule yetu ya msingi, ikapita mikononi mwa mwalimu mkuu, na juu ya bahasha jina langu lilikuwa chini ya jina lake. Wengine walipata barua zao kwa hisani ya parokia, msikiti, duka la pembeni au ofisi ya mjomba aliyebahatika kuajiriwa. Nyumba zetu hazikuwa na namba, wala hakuwapo mtu wa posta wa kugonga mlango. Mtu alikaa kwake, barua zake zikakaa kwingine, na hakuna aliyejiona hana makao kwa sababu hiyo.

Marekani nilikuta mambo kinyume. Kule nyumba ndiyo mtu. Namba ya nyumba ndiyo huleta barua, ndiyo humpatia mtoto shule, ndiyo humwandikisha mpiga kura, na kwa karibu karne nzima ndiyo iliyomiliki simu. Waya ulitoka kwenye nguzo ukaingia ukutani, na aliyepiga namba ile aliipigia nyumba. Nani angeinua mkono wa simu lilikuwa jambo la baadaye. Kwa hiyo Mmarekani aliyeuza nyumba yake akahamia ndani ya gari hakupungukiwa paa wala kitanda wala jiko, kwani magari hayo yana vyote hivyo, na choo juu yake. Alichopoteza ni mahali pa kupatikana.

Nayajua haya kwa sababu nimo miongoni mwao. Mume wangu ni muuguzi wa mikataba. Hospitali humchukua kwa wiki 13, kisha humwaga, nasi hufunga virago tukaelekea penye upungufu mwingine wa wauguzi. Tulipochoka kupanga vyumba na kulipa amana zisizorudi, tulinunua trela la futi 27, tukalifunga nyuma ya gari. Mimi ni mkalimani wa simu. Daktari yuko mji mmoja na mgonjwa wake, mimi niko popote, nami hugeuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiingereza. Wengi ninaowahudumia wametoka mashariki ya Kongo, maana kwa miaka mingi baada ya 2016 Kongo ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi yoyote miongoni mwa waliopokelewa Marekani. Sauti zao zote hupita katika kisanduku kisichozidi kipande cha sabuni ya kufulia, kilichobandikwa dirishani mwa trela. Kisanduku hicho, ambacho watu hukiita hotspoti, hunasa mawimbi ya mnara wa simu ya mkononi na kuyagawa ndani kwetu yakiwa intaneti isiyo na waya.

Wengi huniuliza kama kitu hicho chaweza kutegemewa siku zote, kama waya wa nyumbani unavyotegemewa. Ukitaka jibu la neno moja, msomaji wangu, sinalo. Ninayo historia yake.

Mwaka 1978 mume na mke walioitwa Joe na Kay Peterson walianzisha chama cha watu wanaoishi ndani ya magari-nyumba, wakakiita Escapees. Chama hicho kilikuja kuwa maarufu kwa huduma moja ambayo mtu wa kwetu angeielewa bila maelezo: kupokea barua za wanachama huko Livingston, Texas, na kuzipeleka popote walipo. Wamarekani hao walikuwa wamelibuni upya sanduku la shule. Na mambo hayakuishia kwenye barua, kwa kuwa leseni ya gari, bima na kodi vyote hudai makazi. Jimbo la South Dakota lilikuja kuwa kimbilio la watu wa namna hii, kwa sababu liliwakubali wasafiri kuwa wakazi kwa masharti mepesi: lala usiku mmoja humo, uoneshe risiti ya mahali ulipolala, uwe na anwani ya kupokelea barua. Usiku mmoja! Wapo walioishi miaka mingi wakiwa raia wema wa jimbo ambalo hawajawahi kuliona wakati wa theluji.

Simu ilikuwa ngumu zaidi. Jirani yetu mmoja wa kambini, mzee aliyeanza maisha haya katika miaka ya 1980, alitusimulia kwamba yeye na mkewe walikuwa na miadi na binti yao kila Jumapili saa kumi na mbili jioni. Wazazi hutafuta kibanda cha simu, hupanga foleni nyuma ya madereva wa malori, huingiza namba za kadi ya kulipia, na binti hukaa kando ya simu yake akingoja. Mjukuu wao wa kwanza alizaliwa siku ya Jumatatu. Walipata habari Jumapili iliyofuata, mtoto akiwa na umri wa siku 6. Mzee alilisimulia hilo akicheka, lakini mkewe hakucheka.

Mwaka 1983 ulileta mambo mawili ambayo wakati ule hayakuonekana kuwa ndugu. Mwezi Oktoba, mjini Chicago, ulifunguliwa mtandao wa kwanza wa kibiashara wa simu zisizo na waya nchini Marekani, simu za ndani ya magari ambazo bei yake ilikuwa ya wakubwa tu. Na mwaka huo huo kijana mmoja aitwaye Steven Roberts aliondoka Columbus, Ohio, akiendesha baiskeli ya kulalia chali aliyoipa jina la Winnebiko, kwa kulichezea jina la kampuni maarufu ya magari-nyumba. Alibeba kompyuta ndogo ya Radio Shack, Model 100, iliyotumia betri 4 za tochi na yenye modemu ndani yake. Mchana alipiga pedali, jioni alitafuta simu ya kulipia, akaunganisha kompyuta yake na kupeleka makala zake na kupokea barua kupitia mtandao wa CompuServe. Alizunguka hivyo kilomita zipatazo 16,000 katika safari yake ya kwanza. Modemu ile ilipeleka herufi kama 30 kwa sekunde. Insha hii unayoisoma ingechukua dakika 9 au 10 kupita, na kama mtu nyuma yako ana haraka ya kumpigia mkewe, hizo ni dakika nyingi sana.

Nampenda Roberts kwa jambo moja. Kabla yake, wasafiri wote walikuwa wakijaribu kuirudia nyumba kwa muda mfupi, kupiga simu na kuaga. Yeye alikuwa wa kwanza ninayemjua aliyefanya kazi yake ya kila siku, kazi ya kulipwa, akiwa hana mahali. Aliita mtandao ule nyumba yake. Wakati huo watu walimwona kama kioja cha magazetini. Leo kuna watu wengi mno wanaoishi alivyoishi, ingawa wana viti bora zaidi.

Miaka ya 1990 nitaipita upesi. Kambi zilianza kuweka tundu la simu ofisini au katika chumba cha kufulia nguo, na hapo ungekuta wastaafu wamekaa na kompyuta mapajani kati ya mashine zinazozunguka, wakingoja zamu. Mwishoni mwa muongo huo kilitoka kifaa kiitwacho PocketMail, ambacho mtu alikiandikia ujumbe kisha akakiegemeza kwenye mkono wa simu yoyote ya kibandani, kikalia kama chiriku aliyebanwa mlangoni, na barua ikawa imekwenda. Kisha yakaja madishi ya setilaiti yaliyojitafutia yenyewe uelekeo juu ya paa la gari. Haya yaliwafaa wenye fedha na subira. Setilaiti hizo zilikuwa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na sauti iliyopanda hadi huko na kushuka, kisha jibu likafuata njia hiyo hiyo, ilichelewa zaidi ya nusu sekunde. Kusoma habari, sawa. Kwa ukalimani, ambamo mama analia na daktari anauliza na wewe uko katikati, nusu sekunde hutosha kuwafanya wote watatu waseme pamoja na asisikike hata mmoja.

Mwezi Mei 2009 kampuni ya Verizon ilianza kuuza kifaa cha Novatel kilichoitwa MiFi, kidogo kama kadi chache za benki zilizobebanishwa. Kadi za kuchomeka kwenye kompyuta zilikuwapo kabla yake, na mafundi walishajua kuziunganisha na ruta. Jipya la MiFi lilikuwa kwamba kitu kizima kilikaa mfukoni, kikatumia betri yake, na kikahudumia vyombo 5 kwa mara moja. Mpango wake mkubwa ulikuwa dola 60 kwa mwezi kwa gigabaiti 5. Leo, nikikalimani kwa picha badala ya sauti tupu, natumia kama gigabaiti 1 kwa saa. Mwezi mzima wa MiFi ungeisha kabla ya siku moja ya kazi. Kwa sisi tuliotoka pwani ya Afrika Mashariki mwaka huo una kumbukumbu nyingine. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukitua Mombasa na Dar es Salaam, nasi tukaanza kuachana na intaneti ya setilaiti. Huko kwetu waya ulikuwa ukifika kwa mara ya kwanza, na huku Wamarekani walikuwa wakijifunza kuukata.

Hapa ndipo historia inapoingia ubishi, na ubishi wenyewe ulikuwa juu ya maneno mawili: bila kikomo.

Kampuni za simu za Marekani ziliuza mikataba ya intaneti bila kikomo wakati simu hazikuwa na uwezo wa kutumia nyingi. Ni sawa na mwenye mgahawa kutangaza "kula ushibe" kwa wateja wasio na meno. Meno yalipoota, yaani zilipokuja simu zenye vioo vikubwa na kisha, kuanzia 2010 na 2011, simu ambazo zenyewe zaweza kuwa hotspoti, wenye mgahawa walishtuka. AT&T iliacha kuwauzia wateja wapya mkataba huo Juni 2010, Verizon ikafuata Julai 2011. Waliokuwa nao waliachiwa, na katika kambi za magari-nyumba mikataba hiyo ya zamani ikawa mali kama mnazi wa urithi: iliuzwa, ikakodishwa, ikahamishwa jina kutoka kwa mtu asiyehusika kabisa. Mwaka 2016 Verizon iliwaandikia baadhi ya wenye mikataba hiyo waliopita gigabaiti 100 kwa mwezi kwamba wachague mpango mwingine la sivyo watakatiwa. Mwanzoni mwa 2017 kampuni hiyo hiyo ikarudisha mkataba wa bila kikomo kwa watu wote, ila sasa hotspoti ilikuwa na mwendo kamili kwa gigabaiti 10 tu. Baada ya hapo ulibaki mwendo wa kobe. Kikomo kilikuwa kimeondolewa kwenye kiasi kikahamishiwa kwenye kasi.

Serikali nayo iliingia kati mara kadhaa. Julai 2012 Verizon ilikubali kulipa dola milioni 1.25 baada ya Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho kuchunguza madai kwamba ilitaka programu za kuigeuza simu kuwa hotspoti ziondolewe katika duka la programu, hali masafa yake iliyashinda katika mnada wa 2008 kwa sharti la kutowazuia wateja kutumia programu na vifaa wavitakavyo. Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki AT&T kwa kuwapunguzia mwendo wateja wa bila kikomo, wengine baada ya gigabaiti 2 tu kwa mwezi; shauri likaisha 2019 kwa dola milioni 60.

Nikiri kwamba hoja ya kampuni haikuwa ya kipuuzi. Mnara mmoja una hewa kiasi fulani tu, na wote walio chini yake wanagawana hiyo hiyo. Anayetazama sinema sita ndani ya gari anamla jirani yake anayejaribu kuita gari la wagonjwa. Lakini kama kitu kina kipimo, taja kipimo. Muuza mchele wa sokoni kwetu anaweza kukupunja kwa kuingiza kidole ndani ya kibaba, hilo tunalijua, ila hathubutu kukuambia kwamba kibaba chake hakina chini. Bando la siku au la wiki, ambalo watu wa Tanzania na Kenya hulilalamikia usiku na mchana, angalau lina namba usoni. Mimi na mume wangu tulipoanza maisha haya, jambo lililotuchukulia muda mwingi halikuwa umeme wa jua wala maji ya choo. Lilikuwa kusoma herufi ndogo za mikataba ya hotspoti, usiku, kwa miwani miwili.

Ndani ya herufi hizo kuna neno "kipaumbele". Mnara ukilemewa, mtambo hauwakatii wateja wote sawasawa. Huwahudumia kwanza wale wa mikataba ya juu, simu mara nyingi zikitangulia hotspoti, na waliouziwa huduma kwa jumla na kampuni ndogo wakija nyuma. Mahali pa kulionea jambo hili ni Quartzsite, Arizona, mji mdogo wa jangwani unaofurikwa na magari-nyumba kila majira ya baridi. Mwezi Januari ukisimama kilimani usiku unaona taa hadi upeo wa macho, na kila taa ina mtu anayetafuta intaneti. Tulikaa huko mara moja tukingoja mkataba uanze. Alfajiri kisanduku chetu kiliruka kama swala. Saa moja jioni kilikuwa na vistari vyote vya mawimbi juani, kamili kabisa, wala hakikuleta hata barua pepe. Vistari huonesha kwamba mnara unakusikia. Havioneshi kwamba una nafasi nawe.

Jioni mojawapo ya hizo nilikuwa kazini. Yaliyosemwa siwezi kuyasimulia, kwa kuwa nimefungwa na siri ya wagonjwa na sheria ya 1996 inailinda. Nitasema tu kwamba kulikuwa na baba, mtoto, na daktari aliyehitaji ruhusa ya kufanya jambo upesi. Sauti ya daktari ikaanza kukatika kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Nilikuwa na laini ya pili, ya kampuni nyingine, nikahamia huko. Ilichukua sekunde kama 40 hadi kurudi hewani. Nilichosikia kwanza ni yule baba akiniita kwa Kiswahili cha Bukavu, "Mama, uko? Mama mkalimani, uko?" Nikamwambia, niko, baba, sijaondoka. Ruhusa ikatolewa.

Ndiyo maana sikumlaumu sana mwajiri wangu alipokataa mwanzoni. Kampuni niliyoiomba kazi ilidai simu ya waya, katika chumba chenye mlango, kwenye anwani moja. Fomu yao ilikuwa na mstari wa kuandika mahali waya unapoingilia jengo. Mwajiri wa namna hiyo anafikiri kama kampuni ya simu ya miaka ya 1950, nayo haikukosa akili. Ilibidi niwaandikie barua tatu, nikakubali kupimwa kwa mwezi mzima bila kujulishwa saa, na mwishowe wakanipokea kwa sharti la laini mbili za kampuni mbili tofauti. Kila mkalimani mwenzangu anayeishi safarini amepitia kitu kama hicho. Wapo waliokataliwa, wakarudi kupanga nyumba kwa ajili ya waya tu.

Neno "daima" huchokoza hata kifaa chenyewe. Hotspoti nyingi za mfukoni zilitengenezwa kwa mtu wa safari ya siku mbili: uiwashe hotelini, uizime, uirudishe mkobani. Sisi huziacha zikichajiwa mwaka mzima katika joto la dirishani, na betri huvimba. Yetu ya kwanza ilivimba hadi mfuniko ukafunguka kama kombe la chaza. Mwezi Aprili 2021 hotspoti zipatazo milioni 2.5 za aina ya Ellipsis Jetpack zilirudishwa kwa waliozitengeneza, kwa hofu ya betri kupata moto. Ndiyo sababu wenye uzoefu huhamia kwenye ruta isiyo na betri, inayokula umeme wa volti 12 wa gari moja kwa moja, na kuweka antena nje ya paa.

Antena ya nje si anasa. Trela la bati ni sanduku la chuma, na mawimbi hayapendi chuma. Aliyewahi kutafuta mtandao kijijini chini ya mabati hadi akapanda juu ya kichuguu analijua hilo kuliko mhandisi. Matrela ya Airstream, yale ya aluminiamu yanayong'aa kama sufuria mpya, ndiyo mabaya zaidi kwa jambo hili, na ndiyo mazuri zaidi kwa macho. Msafara wa matrela 41 ya aina hiyo, ukiongozwa na mwanzilishi wa kampuni, Wally Byam, ulitoka Cape Town hadi Cairo mwaka 1959 na 1960, ukapita Kenya na kufika Ethiopia. Na wazo la kisanduku cha kutegemewa pasipo na nyumba wala umeme wa uhakika halikubaki la Wamarekani. Mwaka 2013 vijana wa Nairobi waliotokana na Ushahidi walichangisha fedha kwa umma wakatengeneza BRCK, ruta yenye umbo la tofali, yenye nafasi ya kadi ya simu na betri ya saa nyingi, kwa ajili ya sehemu ambazo umeme hukatika. Nilipoiona picha yake nilidhani ni kifaa cha magari-nyumba.

Baada ya ugonjwa wa korona mambo yalikwenda mbio. Watu waliofukuzwa maofisini na virusi waligundua kwamba kazi inaweza kufanywa popote, na mwaka 2021 viwanda vya Marekani vilisafirisha magari-nyumba zaidi ya 600,000, idadi isiyowahi kufikiwa kabla yake. Mwaka 2022 kampuni kubwa zikazima mitandao ya kizazi cha tatu, na hotspoti nyingi nzima, zilizotunzwa vizuri, zikafa siku moja kama redio za betri. Mwezi Mei mwaka huo huo Starlink ikaanza huduma maalumu kwa ajili ya magari-nyumba, ikitumia setilaiti zilizo chini sana, kama kilomita 550, hivyo ule ucheleweshaji wa zamani ukapungua hata kwa sauti. Rafiki zetu wengi waliinunua. Inahitaji mbingu wazi, lakini, na mtu aliyeegesha chini ya misonobari huona mara moja kwa nini hotspoti haijatupwa. Wengi wana vyote viwili.

Lililonistaajabisha ni jingine. Kuanzia 2021 kampuni za simu zilianza kuuza kwa wingi intaneti inayotoka kwenye minara ile ile, kwa bei ndogo, bila kipimo cha gigabaiti, na kuiita ya nyumbani. Kifaa chenyewe ni hotspoti kubwa tu, kinahitaji tundu la umeme na dirisha. Ila mkataba unakifunga kwenye anwani moja. Walichukua kitu ambacho kwa maumbile hakina nyumba, wakakijengea. Watu wa magari-nyumba walikinunua kwa anwani za watoto wao wakakichukua barabarani; wengine walikatiwa, wengine hadi leo hawajaguswa. Hata ramani mpya ya intaneti ya taifa, iliyotolewa na tume ile ya mawasiliano Novemba 2022, kwa upande wa huduma ya nyumbani huhesabu majengo. Kambi tunamoandika barua na kupika ugali ni uwanja mtupu juu yake.

Mahali pekee ambapo nilishindwa kabisa ni milima ya West Virginia. Eneo la takriban maili za mraba 13,000 huko, na katika jimbo jirani la Virginia, limewekewa mipaka ya mawimbi ya redio tangu 1958, ili darubini kubwa ya redio ya Green Bank isikie nyota bila kelele zetu. Karibu na darubini yenyewe hakuna mnara wa simu. Mume wangu alipata mkataba ukingoni mwa eneo hilo, nami nikakodi chumba chenye mlango kwa mjane mmoja mwenye simu ya waya ukutani, nikalipa kwa wiki. Mwajiri wangu alifurahi kupita kiasi. Kwa mara ya kwanza ule mstari wa fomu ulijazwa. Nilikaa pale wiki 13 katika ukimya wa ajabu, sauti za Bukavu na Uvira zikija safi kupitia shaba ya zamani, na kila nilipomaliza zamu mama yule aliniuliza kama wagonjwa wangu wamepona.

Mkataba ujao ni wa magharibi mwa Nebraska. Ramani ya kampuni yetu ya kwanza imeipaka wilaya yote rangi moja. Ya pili imeacha tobo jeupe pale pale ilipo kambi tuliyoandikisha. Tutafika Jumamosi jioni, Mungu akipenda, na zamu yangu huanza Jumatatu saa moja asubuhi. Jumapili nitatembea na simu mbili mkononi kuanzia langoni hadi kwenye bomba la maji la mwisho, nikitafuta pa kuegesha, na mume wangu ameshaahidi kutofungua trela kwenye gari mpaka nimalize.